Mwalimu Anayekwenda Japani Atazame Nini?

Kila mwaka walimu, wakaguzi wa shule na maofisa wa elimu kutoka nchi za Afrika huenda Japani kujionea namna watoto wenye ulemavu wanavyofundishwa huko. Wapo wanaokwenda kupitia mafunzo ya JICA, shirika la serikali ya Japani linaloshughulikia ushirikiano na nchi nyingine. Wapo pia wanaopata ufadhili ambao wizara ya elimu ya nchi hiyo imekuwa ikiutoa tangu 1980 kwa walimu wa kigeni wanaotaka kusoma katika vyuo vikuu vyake. Mgeni wa namna hiyo akipelekwa kwenye shule maalumu hakosi kuvutiwa. Ataona mabasi yenye jukwaa la kupandishia viti vya magurudumu, korido pana, vyumba vyenye mikeka laini ya mazoezi ya viungo, na kompyuta ambazo mtoto asiyeweza kushika kalamu huziendesha kwa macho. Atapiga picha nyingi. Hatari ni kwamba akirudi ataandika ripoti yenye orodha ya vifaa, mkubwa wake ataisoma, ataitazama bajeti, kisha ataifungia kabatini.

Ripoti hiyo itakuwa imelikosa jambo lenyewe. Nguvu ya elimu maalumu ya Japani haionekani kwenye picha. Imo katika sheria inayoilazimisha serikali kumfikia kila mtoto, na katika hesabu inayoamua mwalimu mmoja akabidhiwe watoto wangapi. Kasoro yake kubwa nayo inatoka hapohapo, kwa kuwa yule mwalimu wa ziada sheria imemfunga kwenye chumba cha pembeni, haikumfunga kwa mtoto. Mgeni akiyashika haya mawili kwa pamoja, atakuwa na cha kuleta nyumbani kisichohitaji mabasi wala kompyuta za macho.

Tuanze na sheria. Japani iliweka elimu ya lazima ya miaka tisa mwaka 1947, nchi ikiwa imeangamizwa na vita. Kwa watoto wasioona na viziwi ulazima huo ulianza 1948, ukipanda darasa moja kila mwaka. Kwa wengine wote, yaani wenye ulemavu wa akili, wenye ulemavu wa viungo na wagonjwa wa muda mrefu, sheria ilitaja kuwa shule zao zitajengwa, lakini haikuweka tarehe. Tarehe hiyo ilichukua zaidi ya miaka 30 kufika. Katika muda wote huo mzazi wa mtoto mwenye ulemavu mkubwa alitakiwa kuomba mwanawe asamehewe shule au aahirishiwe kuanza. Kwenye karatasi mzazi ndiye aliyeomba, ilhali hakuwa na shule ya kumpeleka.

Kilichobadilisha hali hiyo ni shinikizo la wazazi na walimu waliokataa kulikubali neno "hafundishiki". Mwaka 1973 serikali ilitoa amri iliyotaja siku: kufikia tarehe 1 Aprili 1979 kila mkoa uwe umejenga shule za kutosha kwa watoto hao. Mikoa ilipewa zaidi ya miaka mitano. Tokyo haikungoja, ikaanza kuwapokea wote waliotaka kusoma mwaka 1974. Amri ile ilikuwa na mambo mawili ambayo sera nyingi za elimu hukosa, yaani siku ya mwisho na mtu wa kuulizwa siku hiyo ikifika.

Tangu hapo wajibu umegeuka upande. Kila manispaa ina daftari la wakazi, na bodi ya elimu hulitumia kuwatambua watoto watakaofikia umri wa kuanza shule Aprili inayofuata. Miezi kadhaa kabla, watoto wote huitwa kupimwa afya, macho, masikio na ukuaji. Anayeonekana kuhitaji msaada, wazazi wake huitwa kwa mashauriano. Mtoto ambaye hawezi kutoka kitandani hufuatwa na mwalimu nyumbani au hospitalini kwa masomo ya kila wiki. Kwetu mara nyingi mzazi ndiye anayeitafuta shule. Kenya ilianzisha vituo vya kuwapima watoto wenye ulemavu tangu 1984, na vimefanya kazi ya maana, lakini kwa kawaida kituo humngoja mzazi aje, na mzazi asiyejua kwamba kipo, au asiye na nauli, hubaki na mtoto wake ndani. Tofauti hii ya nani amtafute nani ni kubwa kuliko tofauti yoyote ya majengo.

Jambo la pili ni hesabu. Sheria ya mwaka 1958, iliyorekebishwa mara nyingi, inaweka ukomo wa idadi ya wanafunzi kwa kila darasa. Darasa la kawaida la shule ya msingi sasa ukomo wake ni watoto 35. Darasa maalumu lililo ndani ya shule ya kawaida ni watoto 8. Katika shule maalumu, darasa la msingi ni watoto 6, na kwa wenye ulemavu zaidi ya mmoja ni 3. Idadi ya madarasa ndiyo inayozaa idadi ya walimu, na mishahara ya walimu hao hulipwa theluthi moja na hazina ya taifa, iliyobaki na mkoa. Kwa hiyo watoto watatu wenye ulemavu mkubwa katika kisiwa cha wavuvi wanahesabiwa sawasawa na watatu wa katikati ya Osaka. Mwalimu mkuu hahitaji kwenda kumwomba mtu, na mfadhili hahitaji kuandikiwa andiko la mradi.

Hesabu hiyo inavyofanya kazi inaonekana vizuri asubuhi katika darasa la watoto wenye usonji. Ukutani mbele ya kila mtoto pana ukanda wa kadi za picha zinazoonyesha siku nzima kwa mpangilio: kubadili nguo, mazoezi, masomo, chakula, kurudi nyumbani. Mtoto akimaliza jambo, anaibandua kadi yake na kuitia kikapuni. Hakuna anayepigiwa kelele kwamba muda umekwisha, kwa sababu anauona ukipungua. Mwalimu husoma daftari dogo ambalo kila mtoto amekuja nalo, ambamo mama au baba ameandika alilala saa ngapi, alikula nini na kama kuna jambo lililomkera. Jioni daftari linarudi nyumbani na maneno ya mwalimu. Kadi ni karatasi na daftari ni daftari, vyote vinapatikana duka lolote la Kigoma au Kisumu. Kisichopatikana kirahisi ni mwalimu mwenye watoto sita, ambaye ana nafasi ya kulisoma hilo daftari kila siku na kulijibu.

Au tutazame chakula cha mchana katika shule za watoto wenye ulemavu wa viungo. Wapo wasioweza kutafuna, na wapo ambao wakimeza vibaya chakula huingia mapafuni. Jiko la shule hupika mlo mmoja, kisha huutoa katika hali mbalimbali: wa kawaida, uliolainishwa, uliokatwakatwa vipande vidogo, na uliosagwa ukawa kama uji mzito. Samaki anabaki samaki na boga linabaki boga, kila kimoja kikisagwa peke yake na kuwekwa kwenye sahani kwa rangi yake, na watoto wote wanaambiwa leo tunakula nini. Mwalimu anayemlisha mtoto ameketi usawa wa macho yake. Kazi hiyo inahesabiwa kuwa somo, kwa sababu mtaala wa taifa una eneo zima la kumjenga mtoto ajitegemee, likigusa afya, utulivu wa moyo, mahusiano na watu, kuyaelewa mazingira, mwendo wa mwili na mawasiliano. Kumeza bila kupaliwa kumo humo, kama kusoma na kuandika kulivyo na mahali pake.

Hapa msomaji atasema: hayo ni ya nchi tajiri. Hoja hii ni nzito na haifai kupuuzwa, maana walimu wengi hugharimu fedha nyingi, na hakuna serikali ya Afrika Mashariki inayoweza kesho asubuhi kumpa kila mtoto mwenye ulemavu darasa la watu sita. Lakini historia ya Japani haikubaliani na wazo kwamba utajiri ulitangulia. Shule ya kwanza ya wasioona na viziwi ilifunguliwa Kyoto mwaka 1878, miaka michache tu baada ya nchi hiyo kuanza kuwa na shule za serikali. Mwanzilishi wake, Furukawa Tashiro, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Vifaa vyake vilikuwa vibao vya mbao vilivyochongwa herufi, upande mmoja zimeinuka na upande wa pili zimezama, ili mtoto asiyeona azifuate kwa kidole. Mwaka 1890 mwalimu mwingine, Ishikawa Kuraji wa Tokyo, aliunda nukta nundu za Kijapani kwa nukta sita zilezile za Louis Braille, na ndizo zinazotumika mpaka leo. Ulazima wa 1948 nao ulipitishwa na nchi yenye miji iliyoungua na watu waliokuwa wakila kwa mgao. Utajiri ulikuja baadaye ukakuta wajibu umekwisha kuandikwa. Nchi maskini haiwezi kununua kila kitu, lakini inaweza kuandika tarehe, kuhesabu watoto wake, na kuanza na darasa moja kila mwaka kama Japani ilivyofanya.

Sasa tuje kwenye kasoro, ambayo mgeni anayeongozwa kutoka shule maalumu moja hadi nyingine anaweza asiione kabisa. Katika mwongo mmoja uliofika 2022 idadi ya watoto wa shule za lazima Japani ilipungua kwa karibu milioni moja, kwa kuwa watu wanazaa wachache. Katika muda huohuo watoto walio kwenye madarasa maalumu walizidi maradufu, kutoka takribani 164,000 hadi takribani 353,000. Wa shule maalumu, kuanzia awali hadi sekondari ya juu, wamefika kama 150,000, na shule zenyewe zinapungukiwa na maelfu ya vyumba. Sehemu ya ongezeko hilo ni habari njema, maana watoto wenye usonji au ugumu wa kusoma, ambao zamani waliitwa wakaidi na wavivu, sasa wanatambuliwa, hasa baada ya sheria ya 2004 kuhusu ulemavu wa ukuaji na mageuzi yaliyoanza kutumika Aprili 2007. Utambuzi pekee, hata hivyo, hautoshi kueleza kwa nini mtoto aliyetambuliwa anahamishwa chumba.

Sababu imo ndani ya hesabu tuliyoisifu. Ukomo wa watoto 8 umeandikwa kwa jina la darasa maalumu. Mtoto akibaki na wenzake 34 katika darasa la kawaida, mwalimu ni yuleyule mmoja. Mzazi anayetaka mwanawe asaidiwe anagundua kwamba msaada uko mlango wa pili, na anamhamisha. Mwalimu wa darasa la kawaida naye, ambaye kazi zake ni nyingi mno, anaanza kuamini kwamba mtoto yeyote mgumu ana mahali pake kwingine. Hakuna aliyekusudia ubaya. Fedha ilifuata chumba, na watoto wakaifuata fedha.

Waliolitabiri hilo walikuwa watu wenye ulemavu wenyewe. Ulazima wa 1979 ulipokaribia, chama cha Aoi Shiba, kilichoundwa na watu wenye mtindio wa ubongo, kiliupinga kwa nguvu. Walimu wengi waliwashangaa, kwani walidhani wanawaletea haki waliyonyimwa. Wanachama wale waliona kwamba haki ya kwenda shule ya pembeni ingegeuka kuwa wajibu wa kwenda huko, na kwamba mtoto aliyekua mbali na watoto wa mtaa wake angekuwa mgeni mtaani akishakuwa mtu mzima. Kwa maoni yangu walikuwa sahihi, ingawa walimu nao walikuwa sahihi kwamba mtoto hakupaswa kungoja nyumbani mpaka shule za kawaida zibadilike. Japani iliuridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2014. Kamati ya mkataba huo ilipoikagua mwaka 2022, iliitaka ikomeshe utengano katika elimu. Iliitaka pia iondoe waraka wa Aprili mwaka huohuo unaosema mtoto wa darasa maalumu atumie angalau nusu ya vipindi vyake vya wiki humo. Waziri wa elimu alijibu kwamba serikali haifikirii kuacha elimu maalumu.

Wanaoitetea serikali wana hoja ambayo lazima ijibiwe. Wanasema wazazi wenyewe ndio wanaozichagua shule maalumu, na kwamba kumtia mtoto asiyeongea katika darasa la watu 35 kwa jina la ujumuishi ni kumtelekeza mbele ya watu. Sehemu ya pili ya hoja hiyo ni kweli tupu, na sisi tunaijua vizuri. Shule zetu nyingi zinazoitwa jumuishi zina maana ya mtoto kukaa dawati la nyuma, hajui kinachoandikwa ubaoni, na mwalimu mwenye wanafunzi 80 hajui kwamba hajui. Kukaa pamoja bila mwalimu wa ziada hakustahili kuitwa elimu. Lakini sehemu ya kwanza haisimami. Mzazi aliyepewa mlango wenye mwalimu na mlango usio na mwalimu hajaulizwa anataka mwanawe asome na nani. Ameulizwa tu kama anataka afundishwe. Ili tujue wazazi wangechagua nini, mwalimu yule lazima awepo nyuma ya milango yote miwili.

Kuwa hilo linawezekana, Japani yenyewe inashuhudia. Mji wa Toyonaka, jirani na jiji la Osaka, umekuwa tangu miaka ya 1970 ukiwaweka watoto wenye ulemavu katika madarasa ya kawaida, na walimu wa madarasa maalumu huingia humo kufundisha pamoja na mwenzao. Katika jiji la Osaka, shule ya msingi ya Ozora ilifunguliwa mwaka 2006 ikiwa na azma ya kufundisha watoto wote pamoja chini ya mkuu wake wa kwanza, Kimura Yasuko, na filamu iliyotengenezwa kuihusu ilitazamwa nchi nzima. Upo pia mpango rasmi tangu 1993 ambao mtoto hubaki darasa la kawaida na kutoka kwa vipindi vichache tu vya msaada. Tangu 2017 sheria imeanza kuuwekea walimu wa kudumu, mmoja kwa kila watoto 13. Hapo mwalimu ameanza kuhesabiwa kwa mtoto aliyeko miongoni mwa wenzake, na huo ndio upande ambao mgeni angefaa kuuomba auone.

Kuna watoto ambao hoja hii inabidi iseme nao kwa namna nyingine, nao ni viziwi. Mtoto kiziwi akiwa peke yake katika darasa la wanaosikia, hata wakiwa wema, anaweza kukosa lugha, na mtoto aliyekosa lugha miaka ya mwanzo hupata hasara isiyofidika kirahisi. Japani ilikosea hapa kwa muda mrefu, na ilikosea ndani ya shule maalumu zilezile. Mwaka 1933 waziri wa elimu, Hatoyama Ichiro, alizihimiza shule za viziwi zifundishe kwa matamshi na kusoma midomo, na lugha ya alama ikasukumwa nje ya darasa. Takahashi Kiyoshi, mkuu wa shule ya viziwi ya jiji la Osaka, alisimama karibu peke yake kuitetea. Ilichukua mpaka 2011 sheria ya Japani kuitambua lugha ya alama kuwa ni lugha, na mpaka 2008 kupatikana shule, Meisei Gakuen ya Tokyo, inayofundisha kwa lugha hiyo tangu awali. Kenya, kwa kulinganisha, imeiandika lugha yake ya alama ndani ya Katiba ya 2010 na kuifanya mojawapo ya lugha rasmi za Bunge. Kwa viziwi, kukaa pamoja na wenzao kunaweza kuwa ndiko kujumuishwa. Hilo halivunji hoja ya mwalimu kumfuata mtoto, bali linaongeza kwamba lugha nayo imfuate.

Nchi zetu ziko mahali ambapo Japani haiwezi tena kurudi. Shule maalumu ni chache, nyingi za bweni, na watoto wengi wenye ulemavu waliobahatika kusoma wako kwenye vitengo ndani ya shule za kawaida. Shule ya Uhuru Mchanganyiko ya Dar es Salaam imewaweka wasioona na wanaoona pamoja kwa miaka mingi. Chuo cha Patandi kule Arusha na taasisi ya KISE ya Kenya, iliyoanzishwa 1986, huandaa walimu wa elimu maalumu, ilhali katika Japani yenyewe ni karibu theluthi moja tu ya walimu wa madarasa maalumu walio na leseni ya fani hiyo. Katiba ya Kenya, ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kusoma katika taasisi zilizojumuishwa na jamii kwa kadiri inavyolingana na maslahi yake. Misingi ipo. Wanaokosekana ni walimu waliohesabiwa kwa sheria, na daftari la watoto wote.

Kwa hiyo wizara zinazowapeleka walimu Japani ziwape maagizo tofauti. Waombe kulipitia daftari la wakazi pamoja na ofisa wa manispaa, na waulize nini hutokea mtoto mmoja asipofika siku ya kupimwa. Waketi na mhasibu wa mkoa awaonyeshe watoto watatu wanavyogeuka kuwa mshahara wa mwalimu. Waombe siku nzima katika shule ya kawaida ya Toyonaka, na waongee na watu wazima wenye ulemavu waliosoma shule za pembeni. Wakirudi, ripoti yao ianze na pendekezo moja: nafasi ya mwalimu wa elimu maalumu iandikwe kwa idadi ya watoto waliosajiliwa, popote wanaposoma, na isiandikwe kwa jina la kitengo. Wizara ikilikubali hilo sasa, wakati vitengo bado ni vichache, haitalazimika kuja kubomoa ukuta ambao Japani inashindwa kuubomoa leo.